Bei ya Kamera ya Kefa

Ukitaka Yesaya anyamaze, mtajie Kefa. Ukitaka aongee mpaka chai ipoe, mtajie kamera ya Kefa. Ndivyo watu wa Mlowo walivyomjua kwa zaidi ya miaka thelathini, na hata sasa, Kefa akiwa amelala kaburini kwao Itaka mwaka mzima, Yesaya hajabadilika. Anakaa kwenye kibanda chake kando ya barabara kuu, anatoa fotokopi, anapiga pasipoti saizi, anachaji simu za watu, na malori ya kwenda Tunduma yanapita yakitikisa kioo cha dirisha lake. Akitokea mteja wa makamo akakosea kusema kwamba siku hizi hakuna picha kama za Kefa, mteja huyo ataondoka na fotokopi zake na hotuba juu yake.

"Kefa hakuwa na mkono," Yesaya husema. "Kefa alikuwa na mashine. Ile si kamera, ile ni dhahabu. Ningekuwa nayo mimi, mngeona."

Sababu anayo, au anadhani anayo. Mwaka tisini na tatu, akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano, yeye ndiye aliyeiona kamera ile kwanza. Ilikuwa mpakani Tunduma, upande wa Nakonde, mkononi mwa Mzambia mmoja mtu mzima aliyemaliza kazi migodini na alikuwa akiuza vitu vyake kabla ya kurudi kijijini. Kamera ya Kijapani, chuma kitupu, na mkanda wa ngozi. Yesaya akaishika, akachungulia, akaona kishale cha kupimia mwanga kikicheza ndani ya kioo, na moyo ukamhama. Wakakubaliana bei. Hela haikutosha, akaomba apewe muda mpaka kesho.

"Ee mukwai, nitakungoja," mzee yule alisema, akiitikia kwa heshima ya Kibemba.

Yesaya alirudi Mlowo, akauza magunia mawili ya mahindi ya baba yake bila ruhusa, na kesho yake saa sita mchana alikuwa Nakonde, jasho linamtiririka. Kamera haikuwepo. Ilikuwa imenunuliwa asubuhi na kijana mmoja wa Itaka anayeitwa Kefa. Kefa hakujua lolote kuhusu Yesaya wala mahindi yake. Yesaya alilijua hilo vizuri sana, na halikumsaidia hata kidogo. Akanunua kamera nyingine, ya Kirusi, nzito kama tofali, na akaanza kazi akiwa na kinyongo tayari.

Walikuwa wawili tu eneo lile lote enzi za filamu. Harusi, kipaimara, kwaya, misiba, na msimu wa kahawa wakati wakulima wana hela na kila familia inataka kusimama mbele ya nyumba ipigwe picha. Mikanda ilisafishwa Mbeya. Yesaya alifanya kazi kwa bidii na alikuwa mwaminifu. Ulilipa Jumatatu, Ijumaa unapata bahasha yako. Ila ukiifungua, mlikuwa mmesimama humo kama watu walioitwa polisi.

Kefa alikuwa na vituko. Anakupanga, anaangalia juu, halafu anasema, "Subiri wingu." Basi mnasubiri. Bibi harusi anasubiri, mchungaji anasubiri, wapishi wanatoka jikoni kuona kinachosubiriwa. Kama wingu halipo, anawahamisha watu wote na viti vyao mpaka chini ya mgomba au ukutani penye kivuli, na kule anawachekesha kwa maneno yake ya Kinyiha. Watoto walimwita Subiri Wingu. Yesaya aliita yale maringo. Alisema mtu mwenye mashine ya maana hahitaji kusubiri kitu, anabonyeza tu, na kwamba Kefa anawazungusha watu ili aonekane fundi. Watu walicheka, halafu wakaenda kwa Kefa.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa nyumbani kwake mwenyewe. Mwaka tisini na tisa alipomwoa Enesi, mtu hawezi kujipiga picha kwenye harusi yake, na Enesi alisema mapema kwamba anamtaka Kefa. Yesaya akavaa suti, akasimama mbele ya mbaya wake, akaambiwa asubiri wingu, akasubiri. Picha ile iko sebuleni mpaka leo. Enesi anacheka humo, kichwa amekiinamisha kidogo, kicheko ambacho Yesaya hajawahi kukipata kwa juhudi zake zote. Kefa alikuwa amesema kitu. Miaka ishirini na mitano imepita na Yesaya hajawahi kumuuliza mkewe kilikuwa kitu gani, kwa kuogopa kwamba atacheka tena.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, Tusekile, mjane wa Kefa, aliingia kibandani akiwa amebeba kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Wanaitana kwa majina ya watoto wao wa kwanza, kama ilivyo kawaida huku.

"Baba Brayan, habari za hapa."

"Nzuri, mama Rozi. Karibu kiti."

Akafungua kitenge. Yesaya aliitazama kamera ile juu ya meza, karibu na mashine ya fotokopi, na mikono yake ikaanza kufanya kazi ya bure, kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa.

Tusekile alieleza shida yake. Mwaka ulikuwa umetimia, na familia ilitaka kulijengea kaburi la Kefa, saruji na marumaru, na jina lake liandikwe vizuri, kama wanavyofanyiwa watu wengine. Mahindi hayakutosha na kahawa ilikuwa ya shule ya mdogo wake Rozi. Rozi alikuwa amemtumia picha ya kamera kwa simu binti mmoja wa Tunduma anayenunua vitu vya zamani, redio, taa za chemli, vyerehani, na kuwauzia watu wa Dar. Binti huyo, Happy, alisema kamera ikiwa nzima atatoa laki saba. Ikiwa mbovu atatoa elfu hamsini, itakuwa pambo la mezani kwa mtu. Yeye kamera hazijui, kwa hiyo anataka neno la fundi. Angekuja Jumamosi.

"Nikasema fundi ni wewe," alisema Tusekile. "Na wewe ndiye uliyekuwa unasema siku zote, ile kamera ni dhahabu. Mlowo nzima wanajua. Hata mimi nilipokuwa nasikia nilikuwa nashangaa, nikasema basi, labda."

"Niachie niipime," alisema Yesaya.

Alipobaki peke yake alifunga nusu ya mlango. Wacha tuseme ukweli juu yake: shetani hakupata kazi ngumu siku ile. Kabla hata hajaigusa alikuwa ameshapanga maneno. Atasema imekufa. Atasema lenzi imeota ukungu na ndani imeshika kutu, na kwa kumhurumia mjane atampa elfu sitini, kumi zaidi ya yule binti. Halafu itakuwa yake. Ingekuwa imerudi nyumbani, maana moyoni mwake haikuwahi kuwa ya mtu mwingine. Alijua hakuna tena wa kumpiga picha, simu zimemaliza kazi hiyo. Alitaka tu asubuhi aamke aikute juu ya kabati, na Kefa asiwe nayo.

Akaishika. Uzito ulikuwa uleule wa Nakonde. Aliinua lenzi kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia kwa pembeni akitumia tochi ya simu. Hakukuwa na ukungu. Kulikuwa na mchubuko mmoja ukingoni. Akachungulia kwenye kioo na kukielekeza barabarani. Kile kishale kilichomwibia moyo kilikuwa kimelala chini, hakitikisiki. Akafungua kifuniko cha betri kwa sarafu, na ndani akakuta ukoko wa kijani uliogeuka jiwe. Kisha akafungua mgongo, akazungusha gurudumu la spidi, linaloamua mwanga uingie kwa muda gani, mpaka mwisho wa haraka, akabonyeza huku akitazama pazia likifunguka. Akalirudisha gurudumu mpaka mwisho wa polepole, akabonyeza tena.

Mlio ulikuwa mmoja. Akarudia mara kumi, akaleta na kamera yake ya Kirusi kutoka kabatini, akazibonyeza moja baada ya nyingine kama mtu anayepima sauti za kwaya. Ya Kirusi ilibadilika kila alipozungusha. Ya Kefa ilikuwa na spidi moja tu, ya katikati, ile ya kutumia na flashi, hata ukilizungusha gurudumu mpaka ling'oke.

Yesaya akacheka peke yake. Hakukuwa na haja ya kusema uongo! Mashine ilikuwa imekufa kweli yenyewe, ikiwa kabatini, na bei yake ilikuwa elfu hamsini kwa mtu yeyote. Aliona Mungu amemkumbuka.

Ijumaa asubuhi alipanda pikipiki yake kwenda Itaka. Alimkuta Tusekile uani anachambua maharage, karibu na vichanja vya kuanikia kahawa ambavyo msimu ule vilikuwa na kahawa kidogo tu. Akamweleza kwa sauti ya daktari anayeleta habari mbaya. Kwamba vitu hivi vikikaa bila kutumika vinakufa vyenyewe. Kwamba kishale hakifanyi kazi na spidi zote zimekwisha imebaki moja. Kwamba ni bahati mbaya, ingeuzwa miaka kumi iliyopita ingekuwa habari nyingine.

Tusekile hakuacha kuchambua. "Hiyo haikufa kabatini, baba Brayan. Hiyo alikuwa nayo hivyohivyo."

"Hivyohivyo vipi?"

"Si alianguka nayo. Rozi nimembeba mgongoni, bado ananyonya, mwaka tisini na sita huo. Kwaya wamekuja kupigwa picha hapahapa, wengi, hawaenei. Baba Rozi akapanda juu ya kichanja ili awapate wote. Waya ukakatika, akashuka na kahawa yote." Alitabasamu kidogo. "Yeye hakuumia. Alipoiangalia kamera akasema mama Rozi, mshale umekufa, na spidi imebaki moja. Mbeya walisema kifaa chake hakipo. Hakuwa na hela ya kununua nyingine, akaendelea nayo."

Yesaya aliuliza, ingawa alikuwa ameshaelewa. "Akaendelea nayo mpaka lini?"

"Mpaka alipoacha. Alisema nikiwa na spidi moja, basi jua ndilo linifuate mimi. Ndiyo ile subiri wingu yake. Mngedhani anacheza."

Alisema hayo na kupepeta ungo, maganda yakaruka pembeni, akaendelea na maharage yake. Hakuwa na nia ya kumchoma mtu.

Njiani kurudi Mlowo, Yesaya aliendesha taratibu mpaka baiskeli zikampita. Alikuwa mpiga picha, hakuna wa kumdanganya kuhusu mwanga. Alijua maana ya kufanya kazi na spidi moja bila kipimo. Ni kukisia kwa jicho kila mara, kwenye filamu ya watu waliokwisha kulipa, picha thelathini na sita na hakuna ya kurudia. Yeye mwenyewe, na kishale chake kizima na spidi zake zote, alikuwa akiharibu tano au sita kwa kila mkanda. Akaanza kuzihesabu picha za Kefa kichwani, ile ya mchungaji mzee, ile ya akina mama wa kwaya, ile ya harusi yake mwenyewe. Zote zilikuja baada ya tisini na sita. Zote zilipigwa na kamera mbovu kuliko ya kwake.

Kwa miaka yote hiyo wivu wake ulikuwa na mahali pa kukalia. Alimwonea Kefa wivu wa kitu, na kitu mtu anaweza kukosa kwa kuchelewa siku moja, haina aibu. Sasa kitu hakikuwepo. Alibaki anamwonea wivu mtu mwenyewe, na tena marehemu, na uchungu ulimpanda mpaka akasimamisha pikipiki na kuinama kama mwenye kichomi.

Ijumaa hiyo hakula. Enesi alimuuliza kama ana homa, akasema hana. Alikuwa anapiga hesabu nyingine, na ilikuwa hesabu tamu. Akisema kamera ni mbovu, mjane ataeleza ilianza ubovu lini, na Mlowo nzima itajua Kefa alikuwa nani. Lakini akisema ni nzima? Mjane atapata laki saba. Kaburi litajengwa. Yule binti wa Tunduma ataisafirisha Dar, atauza kwa mtu atakayeiweka juu ya kabati, na hakuna atakayegundua. Watu watamsifu Yesaya kwamba hakumfanyia hiana mjane wa mbaya wake. Na lile neno lake la miaka thelathini, kwamba ilikuwa mashine, litabaki palepale limesimama, tena limelipiwa laki saba. Alilala akiwa ameridhika kabisa, akijiona mtu mwema.

Jumamosi saa nne Happy alifika kibandani, binti mrefu mwenye sauti ya kicheko, mzaliwa wa wafugaji wa bondeni Momba, aliyezoea kuuziana na Wazambia tangu yuko shule.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," walijibu. Tusekile alikuwa amekaa kwenye benchi, amevaa gauni la kanisani, na amekuja na albamu ya picha za mumewe kumwonyesha mnunuzi kazi ya kamera. Enesi alileta chai, akabaki amesimama mlangoni na trei.

Happy alifungua albamu kwanza. Alianza kwa kupekua haraka kama mtu wa biashara, halafu akapunguza, halafu akaanza kuita. "Jamani! Huyu bibi! Baba, hizi zilipigwa na hiki kidude hiki?"

"Hichohicho," alisema Yesaya.

"Aisee, mashine. Sasa baba, naomba tufanye hivi. Wateja wangu wa Dar wanasumbua, hawaamini maandishi. Nitakurekodi video fupi, ushike kamera, useme wewe ni fundi, umeipima, ni nzima, na utaje jina lako. Naipost, pale pale inauzika. Na mama naye hela yake namtumia hapahapa."

Yesaya akavaa koti lake lililokuwa nyuma ya mlango. Alitazama upande wa Tusekile, akitegemea labda atamwona akimwomba kwa macho aseme nzima, jambo ambalo lingemrahisishia. Tusekile alikuwa anaangalia chai yake. Alikuwa amesema tangu asubuhi, utakavyosema wewe, baba Brayan, ndivyo itakavyokuwa.

Happy akainua simu. "Haya baba. Moja, mbili."

"Naitwa Yesaya Mbonile, mpiga picha wa siku nyingi hapa Mlowo," alianza, na sauti yake ilitoka nzuri kuliko alivyotarajia. "Kamera hii nimeipima mwenyewe. Ni nzima. Spidi zote zinafanya kazi. Ni mashine ya Kijapani, hakuna tena kama hizi." Hapo angeweza kuacha. Maneno ya mauzo yalikuwa yamekwisha na laki saba zilikuwa za Tusekile. Lakini alijisikia mdomo unaendelea. "Picha zote nzuri mnazoziona huku wilayani Mbozi, ni hii iliyozipiga. Mtu yeyote angeishika, zingetoka hivyohivyo. Hata mtoto."

"Simama," alisema Tusekile.

Happy hakuelewa. Simu bado ilikuwa juu.

"Zima hiyo simu, mwanangu. Kamera ni mbovu."

"Mama?"

"Ni mbovu. Imekufa mshale, ina spidi moja, tangu mwaka tisini na sita. Yeye anajua, nilimwambia jana." Alikuwa amesimama, na sauti yake haikupanda, ila chai ilimwagika kwenye gauni na benchi bila yeye kuona. "Hela ya uongo ningeinyamazia, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimeshakubali moyoni ninyamaze. Lakini siwezi kukaa hapa nikisikia mtoto angeweza. Hizo picha alipiga mume wangu. Alikuwa anasimama juani anasubiri mpaka miguu inavimba, na mimi ndiye niliyekuwa namkanda na maji ya moto. Andika hivyo kwenye hiyo simu yako kama unataka kuandika."

Kisha akamgeukia Yesaya. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomvunja zaidi.

"Hata leo, baba Brayan? Amekufa. Hata leo?"

Yesaya aliirudisha kamera mezani. Happy, mtoto wa watu, aliishusha simu akaanza kufuta ile video, akisema pole mama, pole sana. Alisema elfu hamsini anaweza kutoa bado, kama pambo. Tusekile alifikiri kidogo tu. Akasema hapana, kwa hamsini atakaa nayo, Rozi atataka kuiona. Kaburi litasubiri kahawa ya mwakani. Akaifunga kwenye kitenge, akachukua albamu, akamwambia Enesi asante kwa chai, na akatoka kwenda kutafuta usafiri wa Itaka. Happy akamfuata kumsaidia kubeba.

Kibandani walibaki mtu na mkewe. Yesaya alivua koti, akalikunja, akalikunjua. Alitegemea kuona aibu, na aibu ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine anachokifahamu vizuri, kinachochoma palepale pa siku zote. Alikuwa bado anamwonea Kefa wivu. Safari hii haukuwa wivu wa kicheko cha Enesi sebuleni wala wa sifa za watu. Alimwonea wivu wa mwanamke aliyetupa laki saba na marumaru ya kaburi, mbele ya mgeni, kwa sababu mtu amesema neno moja baya juu ya kazi ya mumewe, na mume mwenyewe hayupo hata wa kumshukuru.

Akamtazama Enesi, ambaye alikuwa anakusanya vikombe.

"Mama Brayan."

"Abee."

"Nikuulize kitu. Mimi picha zangu zilikuwaje?"

Enesi hakuwa mwanamke wa maneno makali, na alimpenda mumewe. Aliweka vikombe kwenye trei, akafuta benchi pale chai ilipomwagika, akatafuta kwa moyo wote kitu kizuri cha kumwambia.

"Ulikuwa hucheleweshi," alisema.